Mtu asiyejua ukoo wa baba yake anasomaje orodha ya majina ya Mathayo?

Swali

Tumsifu Yesu Kristu, Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kadutu, hapa Bukavu. Katika shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo mtaani, tunasoma pamoja Injili ya siku inayokuja, kisha kila mtu anasema neno lililomgusa. Kwa tarehe 17 Desemba zamu ya kusoma iliniangukia mimi, Mathayo 1:1-17. Nilikwama katikati ya majina, vijana wakacheka, na baba mmoja akasema afadhali turuke hadi mstari wa 18, palipo na habari yenyewe. Ulipofika wakati wa kushirikishana, hakuna aliyekuwa na neno. Mimi nilikuwa nalo ila nilinyamaza. Nimelelewa na bibi mzaa mama. Baba simjui, na mama alifariki bila kunitajia jina lake. Watu wakiniuliza "kwenu ni wapi?", nataja kwao mama, nao wanangoja niendelee. Kuna nini katika orodha ile cha kumlisha mtu kiroho? Na kwa mtu kama mimi, inasema nini zaidi ya kunionyesha nisichonacho? Tena katika kikundi cha sala nimeambiwa kwamba hali yangu ni dalili ya laana ya ukoo, nifanyiwe maombi ya kuikata. Mwisho, cheti changu cha ubatizo hakina jina la baba. Je, kitanizuia kufunga ndoa kanisani?

Jibu

Milele na milele, amina, binti yangu.

Nitaanza na lile lililo zito kwako, kwa sababu Mathayo mwenyewe amelijibu, na jibu lake ameliweka mwishoni kabisa mwa orodha. Ndiyo maana wanaoiruka hawakutani nalo.

Chukua Biblia uhesabu. Kuanzia Abrahamu hadi Yosefu, neno "alimzaa" linarudi mara 39. Abrahamu alimzaa Isaka, Isaka alimzaa Yakobo, Yakobo alimzaa Yuda na ndugu zake, baba kwa mwana, baba kwa mwana, bila kukatika. Myahudi aliyekuwa akisikiliza alijua inakokwenda: mwishoni atasimama Masiha, mwana wa Daudi. Lakini ukifika mstari wa 16 mwendo unageuka ghafula. Yakobo alimzaa Yosefu, mume wa Maria, na kwa Maria akazaliwa Yesu aitwaye Kristu. Mathayo hasemi kwamba Yosefu alimzaa Yesu. Vizazi vyote vile vimeshuka hadi kwa seremala wa Nazareti, na pale damu imesimama.

Mathayo hakuficha jambo hilo. Mistari ya 18 hadi 25, ile aliyoitaka baba wa shirika lenu, imeandikwa kueleza mstari wa 16, kwa hiyo anayeanzia 18 anasoma maelezo ya kitu ambacho hakukisoma. Malaika anamwita Yosefu "mwana wa Daudi", kisha anampa kazi: "utamwita jina lake Yesu". Sura inafungwa kwa Yosefu kufanya hivyo hivyo, akampa mtoto jina. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1989 juu ya Mtakatifu Yosefu, anaeleza kwamba kwa kumpa jina Yosefu alitangaza kuwa yeye ndiye baba wa Yesu mbele ya sheria. Hapo ndipo Yesu alipoingia katika nyumba ya Daudi, kwa mwanamume aliyempokea, akampa jina, akamfundisha kazi, akakimbia naye usiku kwenda Misri. Ahadi aliyopewa Daudi ilitimia kupitia mtu ambaye hakuzaa.

Naomba unielewe vizuri. Sisemi kwamba hali yako na ya Yesu ni moja. Yesu alichukuliwa mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, na Baba yake ni Mungu tangu milele. Wala sikatai kwamba Maria naye alikuwa wa uzao wa Daudi: Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya 2, alisema hivyo wazi, na Paulo anaandika kwa Warumi kwamba Mwana alizaliwa katika ukoo wa Daudi kwa jinsi ya mwili. Nasema tu kwamba Mathayo, alipotaka kuthibitisha haki ya Yesu kuitwa mwana wa Daudi, hakupitia njia hiyo. Alipitia kwa Yosefu, akijua damu ya Yosefu haimo. Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 8 Desemba 2020 juu ya Yosefu, anaandika kwamba mtu hawi baba kwa sababu tu amemleta mtoto duniani. Anakuwa baba anapolichukua jukumu la kumtunza. Soma sentensi hiyo ukimfikiria bibi yako.

Kwa hiyo orodha hii, ambayo ulidhani inakuonyesha ulichokosa, imeandikwa na mtu aliyejua kwamba mahali penyewe pa maana pana pengo, naye akaliacha pengo lionekane na wote.

Sasa niseme kidogo orodha hizi zilikuwa za nini, maana huzuni yako imo humo tangu zamani. Israeli hawakuweka nasaba kwa udadisi. Nasaba iliamua nani ana haki ya shamba, nani anaweza kuwa kuhani, nani ni wa watu wa Mungu. Fungua Ezra sura ya 2. Watu wanarudi kutoka uhamishoni Babuloni, wanahesabiwa ukoo kwa ukoo, na katika mstari wa 61 wanatajwa wana wa Habaya, wa Hakosi na wa Barzilai. Walitafuta majina yao katika vitabu vya nasaba wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Kila ninapofundisha sura hiyo nasimama hapo. Watu hao walitembea njia ile ile ndefu kutoka Babuloni, wakafika nyumbani, wakaambiwa jina lenu halimo. Sisi wa Kivu tunaijua hali hiyo. Hapa kwetu "kwenu ni wapi?" mara nyingi ni salamu, na mara nyingine limekuwa swali ambalo jibu lake lilimgharimu mtu shamba, au maisha.

Ukiwa na hilo moyoni, tazama Mathayo aliwaweka wanawake gani. Desturi haikumlazimisha kumtaja mwanamke hata mmoja. Sara hayumo, Rebeka hayumo, Raheli hayumo, mama zetu wakubwa wote hawamo. Kabla ya Maria anawataja wanne: Tamari, Rahabu, Ruthu, na "mke wa Uria". Mtakatifu Yeronimo aliona humo wanawake wanaolaumiwa na Maandiko, waliotajwa ili tujue kwamba Kristu alikuja kwa ajili ya wenye dhambi, na wahubiri wengi wa kwetu bado wanahubiri hivyo. Namheshimu sana Yeronimo, lakini hapa sikubaliani naye. Ruthu ana dhambi gani? Na Tamari, Yuda mwenyewe alikiri mbele ya watu kwamba Tamari ni mwenye haki kuliko yeye.

Mkumbuke Tamari, habari yake iko Mwanzo 38. Mumewe alikufa, na ndugu wa mumewe aliyempokea akamdanganya, na yeye pia akafa. Yuda baba mkwe akamrudisha kwao na ahadi ambayo hakukusudia kuitimiza. Tamari akaachwa pasipo mume, pasipo mtoto, pasipo mahali. Njia aliyotumia kudai haki yake inatutia aibu kuisoma, na Biblia haiipambi. Lakini vizazi vingi baadaye, wazee wa Bethlehemu walipombariki Boazi langoni siku anamwoa Ruthu, walisema: nyumba yako iwe kama nyumba ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda. Jambo lililokuwa fedheha ya ukoo limekuwa baraka ya arusi.

Ruthu mwenyewe alikuwa Mmoabu, na Kumbukumbu la Sheria sura ya 23 inasema Mmoabu asiingie katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Hata hivyo Ruthu ndiye bibi mzaa babu wa mfalme Daudi. Na mtoto wake Obedi, angalia alivyopewa jina: majirani, wanawake wa mtaa, ndio waliomwita Obedi, wakasema "Naomi amepata mtoto". Naomi, ambaye hana damu naye hata tone, akampakata akawa mlezi wake. Mathayo anaposema "Boazi alimzaa Obedi, mama yake akiwa Ruthu", nyuma ya maneno hayo machache kuna mgeni, mjane na nyanya mlezi.

Mke wa Uria ni Batsheba, na kwa maoni yangu hapa ndipo mwandishi alipoonyesha ujasiri mkubwa. Hakulitaja jina lake. Wengine huona hiyo ni dharau. Mimi naona kidole kinachomwelekea Daudi. Kila asomaye "mke wa Uria" analazimika kumkumbuka Uria, askari mwaminifu, Mhiti, aliyewekwa mstari wa mbele vitani ili afe, kwa sababu mfalme alikuwa amemchukua mke wake. Mathayo angeweza kulipita jambo hilo kimya. Mambo ya Nyakati imelipita. Yeye ameiweka aibu juu ya aliyestahili kuibeba. Katika mji huu wa Bukavu, ambamo Hospitali ya Panzi imewahudumia wanawake kwa maelfu waliotendewa jeuri, nadhani mstari huo unapaswa kusomwa kanisani kwa sauti na polepole. Mwanamke aliyetendewa uovu hakufutwa katika ukoo wa Masiha, na uovu wa mfalme haukufunikwa kwa ajili ya heshima ya familia.

Nije kwenye laana ya ukoo. Jambo hili linawaumiza wengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Wanaokuambia hivyo watakusomea Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Waombe wasome mstari unaofuata, unaosema rehema yake ni kwa maelfu. Kisha fungua Ezekieli 18. Watu walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu chungu na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu anawakataza wasiitumie tena: mwana hatachukua uovu wa baba yake, wala baba hatachukua uovu wa mwana.

Orodha ya Mathayo inathibitisha hilo kwa majina. Shika wafalme watano wa mistari ya 9 na 10, ukiwasoma sambamba na kitabu cha pili cha Wafalme. Ahazi alimpitisha mwanawe motoni. Mwana wake Hezekia alimcha Mungu. Mwana wa Hezekia ni Manase, aliyetawala miaka 55 na kumwaga damu isiyo na hatia hata akaijaza Yerusalemu. Amoni alifuata njia ya Manase. Na Amoni alimzaa Yosia, mfalme ambaye Biblia inasema hakuwahi kuwapo kama yeye katika kumrudia Bwana kwa moyo wote. Mwovu, mwema, mwovu, mwovu, mwema. Ingekuwa laana hushuka na damu, Yosia angetoka wapi? Na ingekuwa utakatifu hurithiwa, Manase angetoka wapi? Hata Manase mwenyewe, kwa masimulizi ya Mambo ya Nyakati, alijinyenyekeza akiwa kifungoni, na Mungu akamsikia.

Yupo mmoja tu katika orodha aliyetamkiwa jambo linalofanana kweli na laana ya ukoo, naye ni Yekonia, wa mstari wa 11 na 12. Nabii Yeremia, sura ya 22, anasema kwamba hata kama Yekonia angekuwa pete ya muhuri katika mkono wa kuume wa Mungu, angeng'olewa. Na kwamba mtu huyu aandikwe hana watoto, maana hakuna wa uzao wake atakayeketi juu ya kiti cha Daudi. Akapelekwa Babuloni kijana wa miaka 18. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata huko vibao vya udongo, vilivyochapishwa mwaka 1939, vinavyoorodhesha mgao wa mafuta kwa Yekonia mfalme wa Yuda na wanawe watano. Karani wa Babuloni, asiyemjua Yeremia, aliwaandika watoto wa mtu aliyeambiwa aandikwe hana. Baadaye, mwaka 520 kabla ya Kristu, nabii Hagai anamwambia Zerubabeli, wa ukoo wa Yekonia huyo huyo, kwa jina la Mungu: nitakufanya kama pete ya muhuri. Pete iliyong'olewa imerudishwa mkononi. Mathayo anawataja Yekonia, Shealtieli na Zerubabeli kwa kufuatana, na msomaji aliyewasoma Yeremia na Hagai anaona msamaha umepita hapo.

Kanisa linafundisha kwamba dhambi ya asili ndiyo tunayozaliwa nayo sisi sote, na kwamba ubatizo huondoa dhambi zote, ile ya asili na za mtu mwenyewe. Katekisimu inasema hivyo katika namba 1263. Dhambi za babu zako hukuzitenda, kwa hiyo huna cha kuungamia humo. Mwaka 2007 tume ya mafundisho ya maaskofu wa Ufaransa ilitoa hati ya kukosoa mazoea ya kuifanya Misa kuwa tiba ya mizizi ya familia, na hoja yake inafaa hapa pia. Ni kweli kwamba maumivu hupita kutoka kizazi hadi kizazi: mtoto aliyelelewa na hofu huweza kuwapa hofu watoto wake, na ni vema kumwomba Mungu aponye hilo, na kumtafuta mtu mwenye hekima wa kuzungumza naye. Kuwaombea marehemu wa ukoo ni tendo jema, kitabu cha pili cha Wamakabayo kinalisifu. Lakini binti aliyebatizwa hana mnyororo shingoni unaongoja mtu wa kikundi cha sala aje aukate. Na wakikutajia fedha, ondoka usirudi.

Sasa majina yale yaliyowakwamisha. Baada ya Zerubabeli wanakuja Abiudi, Eliakimu, Azori, Zadoki, Akimu, Eliudi, Eleazari, Matani, Yakobo. Agano la Kale halina habari yoyote juu ya watu hawa. Azori alifanya kazi gani? Akimu alioa wapi? Hakuna ajuaye. Hawakuwa na kiti cha enzi, waliishi chini ya Waajemi, Wayunani, na mwishowe Warumi. Napenda sehemu hii kuliko ile ya wafalme. Ahadi ya Mungu ilibebwa na watu wasio na habari kwa karne nyingi bila nabii wala muujiza uliosimuliwa, na hata mmoja wao hakuona ilipokuwa ikielekea. Bila Azori hakuna Yosefu. Wengi wetu maisha yetu yatafanana na ya Azori, na Injili ya kwanza ya Agano Jipya imempa Azori nafasi sawa na Solomoni.

Kuhusu hesabu ya 14 mara tatu sitakaa sana. Kwa Kiebrania herufi huwa pia tarakimu, na herufi za jina Daudi zikijumlishwa zinatoa 14. Huenda Mathayo alitaka tusikie Daudi, Daudi, Daudi. Ili kupata hesabu hiyo amewaacha wafalme Ahazia, Yoashi na Amazia, na fungu la mwisho ukilihesabu lina majina mapya 13 tu, mpaka Yekonia ahesabiwe tena. Hilo lisikusumbue. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, unatufundisha tutafute kwanza mwandishi alikusudia kusema nini kwa namna ya uandishi wa siku zake. Mathayo alikuwa akihubiri kwa majina, hakuwa akijaza kitabu cha serikali. Maana ya kiroho lazima isimame juu ya maana hiyo ya kwanza. Ukiiacha, utaanza kutafuta siri katika kila tarakimu, na Paulo alimwonya Timoteo juu ya nasaba zisizo na mwisho zinazoleta mabishano tu.

Luka naye ana orodha yake, sura ya 3, nayo inatofautiana: baba wa Yosefu kwa Mathayo ni Yakobo, kwa Luka ni Heli. Maelezo ya zamani kabisa tuliyo nayo ni ya Yulio Mwafrika, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, yaliyohifadhiwa na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa. Alisema Yakobo na Heli walikuwa ndugu wa mama mmoja; Heli alifariki bila mtoto, Yakobo akamchukua mjane kama sheria ya Kumbukumbu la Sheria 25 ilivyoagiza, akamzaa Yosefu, ambaye kwa sheria alihesabiwa mwana wa Heli. Wazee wetu wa Bushi, eneo la hapa Bukavu, hawahitaji kuelezwa mara mbili jambo kama hilo. Siwezi kukuambia ndiyo ilivyokuwa kwa hakika, lakini ninachopenda kwa Luka ni mahali anapofika. Hashuki kutoka kwa Abrahamu. Anapanda kutoka kwa Yesu, ambaye "alidhaniwa" kuwa mwana wa Yosefu, anapita Daudi, anapita Abrahamu, anafika kwa "Adamu, mwana wa Mungu". Na orodha hiyo ameiweka mara tu baada ya ubatizo, pale sauti ilipotoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu". Wewe uliyebatizwa, ukipanda ngazi za ukoo wako na kukuta ya upande wa baba imevunjika, ya Luka inafika juu kwa ajili ya kila mtu.

Papa Fransisko, katika mahubiri ya asubuhi ya tarehe 17 Desemba 2013, akiwa na Injili hii hii, alisema Mungu amelifanya jina letu kuwa jina lake la ukoo: Mungu wa Abrahamu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo. Naye anapenda liendelee hadi kwa kila mmoja wetu.

Unaombaje na orodha hii? Kati ya tarehe 17 na 24 Desemba kuna siku nane, nami huwashauri makatekista wachukue jina moja kila siku na kusoma habari yake yote. Anza na Yuda, lakini usiishie Mwanzo 38. Soma hadi sura ya 44, anapojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, yeye aliyewahi kumuuza Yosefu ndugu yake. Ruthu utaimaliza kwa saa moja. Daudi msome pamoja na Zaburi 51, na Yekonia mpaka mistari ya mwisho ya kitabu cha pili cha Wafalme, anapotolewa gerezani na kula mezani pa mfalme. Siku ya Azori hutakuwa na cha kusoma. Kaa kimya dakika chache, umwombee mtu mmoja ambaye hakuna anayemkumbuka. Siku ya mwisho iwe ya Yosefu.

Sisi Wakatoliki, ukifikiri vizuri, tunasali kwa majina kila wakati. Sala ya Ekaristi ya Kwanza inataja Lino, Kleto, Klementi, kisha Felisita na Perpetua, wanawake wa Afrika waliouawa Kartago mwaka 203. Litania ya watakatifu ni nasaba isiyo ya damu. Anuarite, mtawa mfiadini wa Kongo, hakuacha mtoto, lakini binti wangapi wa Kongo wanaitwa kwa jina lake! Na katika Misa ya liturujia yetu ya Kongo, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, baada ya watakatifu tunawaita pia wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Wakati huo wataje wa kwao mama, na mjumuishe yeyote mnyofu aliyekuwa upande wa baba yako, maana Mungu anawajua hata kama wewe huwajui. Baba yako mwenyewe humjui kama yu hai au amefariki. Mwombee bila jina, sala hiyo haipotei njia. Na ukiona moyo unakataa kumwombea, usijilazimishe mwaka huu.

Kwa baba wa shirika lenu, mwambie kwa heshima kwamba katika Misa ya mkesha wa Noeli Kanisa lenyewe linaruhusu somo fupi linaloanzia mstari wa 18. Tarehe 17 Desemba hakuna somo fupi. Siku hiyo Injili ni majina hayo.

Cheti chako hakina kasoro. Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba pale ambapo baba hajulikani kwa hati wala kwa tamko lake mwenyewe, mbatizwa anaandikwa bila jina la baba. Hicho ndicho paroko aliyekubatiza alichofanya, na alifanya sawasawa. Zamani, chini ya Sheria ya mwaka 1917, mtoto wa nje ya ndoa aliwekewa kizuizi cha kupata upadri. Sheria ya mwaka 1983 imekiondoa. Kwa ndoa, paroko atataka cheti kipya cha ubatizo, kilichotolewa karibuni na parokia ulikobatizwa, ili aone kama umepata kipaimara na kwamba hujafunga ndoa nyingine. Nafasi ya jina la baba iliyo wazi haikuzuii. Akitokea karani wa parokia akakusumbua kwa ajili hiyo, omba kwa upole kuonana na paroko mwenyewe, umtajie namba ya kanuni.